Mhuri uko mfukoni mwa mwenyekiti

Jamani, barua ya utambulisho tu. Sijaomba kiwanja, sijaomba kazi Mtumba kwenye mji wa serikali. Nataka mhuri wa serikali ya mtaa nikafungue akaunti benki, basi. Leo siku ya nne.

Ofisi yenyewe ni kichumba kimoja chenye kufuli. Ukutani bado kuna bango la mgombea wa uchaguzi wa Novemba 2024, limepauka kwa jua na hili vumbi letu la Dodoma, jicho moja limechanika. Kipindi kile mwenyekiti alikuwa anapiga hodi mpaka vyumba vya wapangaji, watoto wetu anawajua kwa majina. Sasa simu inaita mpaka inakata. Mkewe ananiambia, "Baba ametoka na mhuri." Ametoka nao! Kama funguo za pikipiki.

Juzi nikamkuta mtendaji. Barua akaiandika vizuri, mwandiko safi, kisha akasema kuna elfu tano ya karatasi. Nikaomba risiti. Akanitazama kama nimemtukania mama.

"Dada, risiti ya nini tena? Basi msubiri mwenyekiti."

Tumeitwa jiji tangu Aprili 2018. Treni ya umeme inashusha wageni kutoka Dar kila siku, wabunge wanakuja na kuondoka, sisi wenyeji tunamsubiri mtu mmoja amalize msiba Kondoa. (Pole zake, kwa kweli. Lakini mhuri si ungebaki?)

Kesho saa moja asubuhi niko pale mlangoni, na kiti cha plastiki nabeba mwenyewe.