Shahada ya Kupanga Viti

Tatizo la kwanza ni jina. Nikiulizwa nasomea nini, nikajibu "Usimamizi wa Matukio", watu wa mtaani kwetu Chikongola, Mtwara, wanashika mifuko yao. Mtaani mtu wa matukio ni yule anayepiga tukio usiku, asubuhi kahama. Jirani mmoja alimvuta mjomba pembeni akamwuliza kama nimeajiriwa polisi au natafutwa na polisi. Mjomba, ambaye ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye korosho zake, akajibu kwa uchungu: "Anasomea kupanga viti."

Basi, limeganda hilo. Sasa niko mwaka wa tatu, imebaki risechi tu nimalize. Mada ni mchango wa upangaji katika mafanikio ya shughuli za kijamii Mtwara Mjini. Msimamizi amenibadilishia mara nne. Mara ya nne ilirudi ileile ya kwanza, pembeni kaandika, "Sasa imekaa vizuri." Nikashukuru. Ungefanyaje?

Akataka jedwali la Gantt, lile la mistari inayoonyesha kila kazi inaanza lini na kuisha lini. Nikachora mstari wa bluu, umenyooka, unapendeza: Aprili, kukusanya data. Mjomba akalitazama huku anamenya ming'oko.

"Mpwangu, Aprili nani anacheza ngoma? Aprili watu wana jembe mkononi na mfuko mtupu. Ngoja ufuta uuzwe, shule zifungwe Juni, ndiyo utaziona shughuli. Ukitaka za kufunga mtaa, subiri malipo ya korosho."

Miaka mitatu darasani, hakuna aliyeniambia kwamba kalenda ya shughuli huku kwetu inapangwa na mnada wa mazao. Nikakimbia kwa msimamizi. Akauliza nani kasema. Nikasema mjomba. "Wa mwaka gani?" Maana kwake chanzo kikipita miaka kumi kimechakaa. Mjomba ni wa 1964, hafai. Lakini Yamane wa 1967 na kanuni yake ya sampuli, huyo anapita getini hata mlinzi hanyanyuki.

Kanuni yenyewe haina ubaya. Unachukua idadi ya kaya, unaigawa kwa moja jumlisha idadi hiyohiyo mara 0.05 mara 0.05. Kaya 400 zinakupa 200 kamili za kuhoji, haibaki hata sehemu ya mtu. Ukweli ni kwamba nilizipenda kaya 400 kwa sababu hiyo tu. Ubaya nikauona dukani kwa mchapaji: dodoso 200, kila moja kurasa nne. Karatasi 800! Kijana wa dukani akaniuliza nagombea udiwani wa kata gani.

Halafu nenda nazo juani, Magomeni yetu ya Mtwara hadi Mikindani. Kila swali lina majibu matano: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Bibi mmoja alinikaribisha mkekani, akanipa maji, nikamsomea.

"Mjukuu wangu, umetembea na jua lote hili, halafu nikukatalie? Nina roho gani mimi? Weka nakubali sana."

Nikaweka. Swali la saba: shughuli yangu ya mwisho ilikwenda vizuri. Nakubali sana. Swali la nane: shughuli yangu ya mwisho ilikosa mpangilio kabisa. "Hilo nalo nakubali sana, baba." Mzee wa nyumba ya pili yeye alijaza ukurasa mmoja, akavua miwani, akauliza semina yenyewe lini na nauli kiasi gani.

Juni ikafika, mama mkubwa akawa na shughuli ya kutoa wali, si wa kula, ni mabinti waliokuwa unyagoni. Nikasema hapa ndipo. Joe Goldblatt, ambaye kwenye fani yetu usipomtaja unaonekana hukusoma, anasema tukio lina hatua tano: utafiti, usanifu, upangaji, uratibu na tathmini. Mama mkubwa ana hatua moja tu. Daftari.

Daftari lenyewe kava limeshatoka, limefungwa kwa kipande cha khanga. Ndani ni majina na vitu. Mama Somoe, sukari kilo tano na doti moja. Mama Zuhura wa Mikindani, elfu kumi na beseni. Mimi nikampelekea makadirio yangu yaliyochapwa: wageni 150. Akalamba kidole, akaanza kufunua kurasa.

"Nani kakwambia mia na hamsini?"

"Nimekadiria, mama."

"Hawa wote niliwatunza kwao. Sasa zamu yao. Na kila mmoja anakuja na mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na wifi yake nyuma." Akafunga kitambaa. "Mia tatu na ishirini. Kaazimeni sufuria mbili."

Jioni nilihesabu sahani zilizotumika: 317. Na watu watatu niliwaona kwa macho yangu wanakula kwenye mfuniko wa sufuria.

Msimamizi akasema niweke chanzo. Daftari hawaliruhusu hata kupigwa picha, na kule ndani kwa wali na makungwi sikuthubutu hata kuegemea ukuta, kwa hiyo sehemu yangu ya "uratibu wa ndani" ina nusu ukurasa, na hiyo nusu ni maelezo ya mlango. Mwanaume mwenye dodoso haoni zaidi ya mlango.

Nje nilipewa kazi moja. Viti. Viliazimwa sehemu tatu, vya kwanza vina doa la rangi nyekundu chini, vya pili la kijani, vya tatu vimeandikwa herufi B mgongoni. Nikachora ramani ya ukaaji, nikaibandika kwenye nguzo ya turubai. Ngoma ilipokolea mtu akaichana akafungia karanga. Kulipokucha nyekundu zimetimia, kijani zimetimia, B zimepungua sita. Nimezunguka nyumba kwa nyumba nainamisha viti vya watu kutazama migongo, na niliyoyasikia huko hayafai kuwekwa kwenye kiambatisho.

Rasimu ikarudi wiki iliyofuata. Kwenye sura ya nne msimamizi kapiga mstari mwekundu: "Changamoto za usimamizi wa rasilimali hazijaelezwa kwa undani."

Ilibaki dodoso moja kutimiza 200. Nikampa mama mkubwa. Alikaa nalo siku nne, likarudi na alama ya mafuta na harufu ya pilau, kote nakubali sana, tiki zimenyooka kama mstari wangu wa Gantt. Mwishoni kuna sehemu ya maoni mengine, ambayo watu 199 waliiacha tupu. Yeye kaijaza kwa kalamu nyekundu:

"Viti sita bado."