Roboti Aliyestaafu Reli

Katika riwaya yangu kuna roboti aliyeundwa kwa kazi moja: kugeuza njia za reli pale stesheni ya Tabora, treni hii iende Kigoma, ile iende Mwanza. Siku moja akili inamjia, anajiuliza: wote nawapa njia, yangu mimi ni ipi? Anaacha kazi, anaingia mitaani kutafuta sababu ya kuundwa kwake. Anajaribu kurina asali Sikonge, nyuki wanamchoka. Anajaribu kuuza chai stendi, maji anayachemshia tumboni, wateja wanakimbia.

Kurasa za mwanzo nilizipeleka steshenari moja hapa Isevya. Umeme ulikuwa umekatika, foleni imefika barazani. Uliporudi, printa ikatema kazi za watu wote kwa mpigo. Dada wa pale akakusanya, akabana pini, akatia kwenye bahasha, akapiga gundi. Yangu ikapanda basi kwenda Dar kwa mchapishaji. Nyingine ilikuwa risala ya kumuaga jirani yetu, mzee wa reli.

Jumamosi tuko ukumbini. MC akaanza vizuri: mstaafu wetu alizaliwa Urambo, akaajiriwa reli, akaoa. Akafunua ukurasa.

"Hakuwa na baba wala mama! Aliunganishwa kwa nati na bolti, akatiwa betri mgongoni, akawashwa Jumatatu asubuhi!"

Pilau ikanipalia.

MC wetu ni mtu wa kusoma kwanza, kuelewa baadaye. Akaendelea kwa hisia, na kila penye nukta DJ anapiga king'ora. Shangazi wa mstaafu, bibi wa makamo ya kuheshimiwa, akasimama na fimbo yake: "Hana mama? Wifi yangu kajifungua mikononi mwangu!" Akaketishwa kwa soda.

Nikampungia MC mkono anyamaze. "Tulieni jamani," akasema, "muda wa kutunza bado."

Akafika pale roboti anapozikariri zile sheria 3 ambazo Isaac Asimov aliwatungia maroboti kwenye hadithi yake ya mwaka 1942. "Sheria ya pili: lazima atii amri ya binadamu!"

Mke wa mstaafu akadakia kutoka meza kuu: "Huyu? Tangu lini?"

Watu wakalala juu ya meza kwa kicheko. Kusema kweli, hapo hata mimi nikaacha kupunga. Mwandishi gani wa Tabora amewahi kusomwa na king'ora juu?

Mzee akainuka kujibu, leso machoni. "Wanangu, risala nimesikia nyingi, ila hii ndiyo ya kweli. Nimewapeleka watu Kigoma, nimewapeleka Mwanza, mimi nipo hapahapa. Lakini hilo la betri nani kawaambia?" Akapandisha koti. "Huu ni mkanda wa kiuno, kanipa daktari!"

Wiki iliyofuata simu ikaita kutoka Dar. Mhariri, sauti ya upole.

"Mwandishi, tumecheka sana. Kuna jambo dogo tu ukurasa wa pili. Roboti anakabidhiwa godoro la nchi sita na beberu, kisha kamati inamtakia maisha marefu yeye na mkewe."

"Ndiyo, bosi."

"Sasa huyo beberu tunakutana naye tena sura ya ngapi?"