Mwacheni injinia asome DS

Mpwa wangu, injinia mtarajiwa, katangaza kwenye grupu la ukoo kwamba kafeli DS, yaani Development Studies, somo la taaluma za maendeleo, na kapata sapu, mtihani wa kurudia. Nilidhani atasemwa. Wapi! Wakubwa wakaliangukia somo lenyewe: "Mtu wa kujenga madaraja, DS ya nini? Wanawapotezea watoto muda." Dole gumba zikamiminika.

Haya, twendeni Jangwani, pale Dar es Salaam kwenye bonde la mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kusomba nyumba, serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande. Bonde lilishajieleza. Halafu palepale tukaweka karakana ya mabasi ya mwendokasi, tukaegesha na mabasi mapya, na maji yakaja kama kawaida yake. Si mara moja. Sisi wa Kimara tukabaki kituoni tunatazamana. Wala msiniambie wataalamu hawakuwepo. Hesabu za zege zilikaa sawa kabisa, jengo halikuanguka! Ila muuza mkaa yeyote wa Magomeni angekwambia maji hupita wapi na mwaka gani yalifika dirishani. Nani alimfundisha injinia kwamba mtu asiye na cheti naye anaulizwa? Nani alimfundisha kujiuliza kwa nini maskini wa mji huu huishia bondeni? Hayo hayamo kwenye kikokotoo.

Najua mtasema hidrolojia, elimu ya mwenendo wa maji, peke yake ingetosha kuonya. Sawa, nakubali. Ilikuwepo, na hatukusikia.

Daktari anayemwandikia bibi dawa bila kumtazama usoni simgusi leo, presha yangu yenyewe haijatulia.

Na masomo haya hayakuangukia vyuoni kwa bahati mbaya. Mwaka 1966 wanafunzi wa Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Ndipo swali likaanza kuulizwa kwa nguvu: tunatengeneza msomi wa namna gani? Likaja somo la pamoja kwa wote, na mwaka 1973 Taasisi ya Taaluma za Maendeleo.

Ila, kwa shingo upande, kijana naye ana hoja. Desa lake, yale makaratasi ya kusomea mtihani, nimeliona. Limetolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimepauka, "sifa saba za nchi maskini", ya saba imekatwa na mashine. Ukumbini mamia ya wanafunzi, wengine kwenye ngazi, maiki inakoroma. Mtihani ni kuchagua A mpaka D. Eti hapo ndipo tunamjenga mtu wa kufikiri! Kukariri sifa saba ndiko kutamfanya amsikilize muuza mkaa?

Mwalimu wa historia na mwalimu wa maji wawachukue hawa vijana pamoja, waende Jangwani na madaftari, wazungumze na wenyeji, warudi wachore upya ile karakana na kuitetea mbele ya wenzao. Hiyo ndiyo iwe kosiweki, kazi ya kupatia maksi kabla ya mtihani. Chuo kikisema hakina bajeti ya basi, mwendokasi inapita hapohapo, labda mvua iwe imenyesha.