Bloku kwanza, tabo baadaye

Mtu akiniambia anajenga gari la mbio za dragi, zile fupi za njia iliyonyooka, mara nyingi ataanza na ukubwa wa tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda? "Ipo." Kwangu huko ni kuezeka kabla ya msingi.

Tazama injini ya Ford 302 ya V8. Bloku yake ya kiwandani inajulikana: ukipita nguvu farasi 500 hivi, huweza kupasuka katikati, kutoka kwenye bonde la tapeti (vipande vinavyosukuma valvu) hadi kwenye beringi kuu za kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Kuongeza bolti za kepu zinazofunga beringi hizo hakusaidii sana, maana kinachoachana ni chuma chenyewe. Toyota 2JZ, silinda sita za milimita 86 na kranki iliyoshikwa na beringi kuu saba, imebeba nguvu farasi 1,000 kwa bloku ya kiwandani, ikipewa pistoni za maana na koni (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki) za maana.

Zote mbili ni chuma, kwa hiyo jina la madini halitoshi. Pima kuta za silinda. Fundi hupaka jeli ndani ya silinda, anagusisha kifaa cha mawimbi ya sauti, anasoma unene juu, katikati na chini, kuzunguka pande zote. Utashangaa: kalibu ikisogea kidogo wakati wa kusubu, upande mmoja unanenepa na wa pili unakonda. Ukikonda upande ambao pistoni inausukuma mwako unapotokea, usiinunue hiyo bloku, hata kwa bei ya kutupa. Ukuta mwembamba hunepa, ringi zinashindwa kuziba, gesi inashuka kwenye sampu, bakuli la oili. Na tafadhali, usichonge silinda kwa tamaa ya cc chache za ujazo; chonga kiasi cha kuisafisha tu.

Alumini? Nauelewa mvuto wake: inapunguza makumi ya kilo puani mwa gari, na silivu (bomba la ndani ya silinda) ikiharibika unaing'oa, tobo unalichomelea. Magari ya Top Fuel, daraja la juu la dragi, huitumia, tena bila njia za maji, kwa kuwa mbio zao za futi 1,000 huisha chini ya sekunde 4. Lakini timu zao hufumua injini kila baada ya mbio. Wewe una mafundi wangapi?

Kwa mfuko wa kawaida, chukua chuma kilichopimwa, funga tabo ndogo msimu huu. Tabo hubadilishwa jioni moja. Bloku ikipasuka unashusha injini nzima, na mara nyingi kranki na pistoni vinaondoka nayo.