Laktiki inabebeshwa lawama isiyo yake

Kapchorwa, Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wakimbiaji wakiamka na maumivu ya mapaja husema miguu imejaa asidi. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa: oksijeni ikipungua, misuli hutoa asidi ya laktiki, na asidi hiyo ni sumu inayouma hadi kesho yake. Somo hilo lina ukweli, ila limechanganya mambo mawili.

Ukweli wake ni huu. Seli ya mamalia huanza kuvunja glukosi (sukari ya damu) nje ya mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, bila oksijeni, na faida yake kwa kila molekuli ya glukosi ni molekuli 2 tu za ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Mitokondria ikimalizia kazi kwa oksijeni, jumla hufika kama 30. (Vitabu vingi bado vinaandika 38, hesabu isiyopunguza nishati inayopotea njiani.) Mbio zikipamba moto, hatua ya kwanza huizidi kasi ya pili, laktiki inayotokana nayo hurundikana, uchachu wa misuli hupanda, na mkimbiaji huhisi miguu ikiwaka. Wanasayansi Hill na Meyerhof, walioshinda Nobel ya tiba ya 1922 kwa utafiti wa misuli, walichunguza jambo la kweli kabisa.

Lakini laktiki hailali mwilini. Moyo huichoma kama kuni, ini huigeuza tena kuwa glukosi, na baada ya saa moja hivi damu imerudi karibu na kawaida yake. Maumivu ya kesho yake hutokana na nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo, hasa kwa kukimbia mteremko. Anayekandwa ili "asidi itoke", kisha akarudi mteremkoni siku hiyohiyo, anatonesha jeraha.

Walimu hujitetea kwamba mwanafunzi mdogo anahitaji maelezo mepesi na mtihani unamsubiri. Nawaelewa, na kwao naona "deni la oksijeni", yaani oksijeni ya ziada ambayo mwili huvuta baada ya mbio, linatosha kuanzia. Neno "sumu" ndilo nisilolikubali, kwa sababu linamfanya mtoto aogope chakula cha moyo wake mwenyewe.

Tena mtaala wa Uganda wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unataka wanafunzi wajifunze kwa kutenda. Darasa la Kapchorwa halihitaji maabara kwa hili: kundi moja likimbie kupanda, jingine kushuka. Wanaopanda watahema na kuungua mapaja palepale. Kesho yake asubuhi, mwalimu aulize nani anashindwa kushuka ngazi.