Mibuyu ya mwana wa mfalme, na sisi tuliochelewa kuisoma

Mwaka huu nimesoma Mwana Mdogo wa Mfalme kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka arobaini na minne. Kitabu hicho cha Antoine de Saint-Exupéry kilitoka New York mwaka 1943, kimefasiriwa katika lugha zaidi ya 300, na hiki cha Kiswahili kilichapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Shuleni kwetu, wilayani Bahi, hakikuwepo. Tulikuwa na vitabu vya kiada, kimoja kwa wanafunzi watano, na hadithi tulizipata kwa bibi baada ya chakula cha usiku. Mpwa wangu wa darasa la sita ndiye aliyekileta nyumbani Dodoma wakati wa likizo.

Mwenzangu mmoja kazini anaona nimepoteza muda. Kwake kitabu cha watoto ni kama jando: kina umri wake, ukikupita umekupita. Mtoto huingia ndani ya hadithi, mtu mzima hukaa nje akiichungulia na kuuliza huyu anamwakilisha nani na kile kina maana gani. Nimeipima hoja hiyo kwa uzito, kwa sababu kuna mahali ina ukweli mchungu, na mahali penyewe ni penye mibuyu.

Mwana wa mfalme wa kitabuni anaishi peke yake kwenye kisayari, na huko mbuyu ni balaa. Mbegu zake zimejaa ardhini, na kila asubuhi, akishanawa, inambidi ang'oe miche kabla haijakomaa. Akizembea, mizizi itakitoboa kisayari chote na kukipasua. Watu wazima wengi hueleza kwamba mwandishi alikuwa uhamishoni Marekani, Ufaransa imekaliwa na Wajerumani, na kwa hiyo mibuyu ile ni ufashisti ulioachwa ukaota mizizi. Siipingi tafsiri hiyo. Ila mti umetoweka humo, imebaki ishara tupu. Mpwa wangu aliuona mti, na alikasirika. "Mjomba, mbona anaing'oa? Sasa ubuyu atapata wapi?"

Hapo mtoto alimshinda mchambuzi. Kwetu Ugogo mbuyu ni kivuli cha mkutano, majani yake ni mboga, magome yake ni kamba, na matunda yake yamelipa ada za watoto wengi. Kumwambia Mgogo kwamba mbuyu ni gugu ni kumtaka asahau anachokijua. Na msomaji makini ana haki ya kukataa kusahau.

Lakini hapohapo ndipo hoja ya mwenzangu inaponikwama. Hasira ya mpwa wangu iliishia kwenye ubuyu. Yangu ilikwenda hadi Kongwa, hukuhuku mkoani Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale na mpango wa karanga, wakiwa na hesabu za ekari zaidi ya milioni tatu kwenye makaratasi, na mashine nzito, vikiwemo vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mibuyu iliwachelewesha, ardhi ikakauka ikawa ngumu kama tofali, mvua zikawa haba, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Saint-Exupéry anawalaumu watu wazima kwa kupenda tarakimu kuliko kitu chenyewe. Kongwa ni ushahidi wake mzuri kuliko wowote ninaoufahamu, na ushahidi huo unasimama upande wa mbuyu. Nikiwa na miaka kumi nisingeweza kuviunganisha hivi viwili.

Kuna na kondoo. Mwana wa mfalme anaomba achorewe kondoo, akitumaini atakula miche ya mibuyu ingali midogo. Anayeishi huku anajua kwamba mpango huo unafanya kazi, tena vizuri mno. Tembea kutoka Chamwino kuelekea Mtera: mibuyu mikubwa utaiona, midogo uitafute, maana mifugo inaifyeka ikichipua tu. Rubani, yule anayeisimulia hadithi na kumchorea kondoo, naye anasema kundi zima la tembo haliwezi kuumaliza mbuyu mmoja. Tembo wa Ruaha wakati wa kiangazi huchimba shina kwa pembe, wakatafuna, hadi mti mzima unaanguka.

Je, kujua hivyo kunaharibu kitabu? Nilidhani kungeharibu. Nikarudia kurasa zile na kuona nilikuwa nimesoma kwa pupa. Saint-Exupéry alirusha ndege za barua hadi Dakar, na Senegali ni nchi ya mibuyu, kwa hiyo sidhani kama alikuwa akiubuni mti wa mbali. Tena kisayari chenyewe hakizidi sana nyumba. Mti haukuumbwa mbaya, mahali ndipo padogo. Haki hiyo nilimpa mwandishi baada ya kubishana naye, na kubishana na kitabu ni njia mojawapo ya kuingia ndani yake, hata kama mwenzangu anaiita kuchungulia.

Kinachonifanya niegemee upande wa waliochelewa ni ua. Mwana wa mfalme ana waridi moja, lenye miiba minne, lenye maringo na uongo mdogomdogo. Anaudhika, analikimbia. Akiwa mbali ndipo anakiri kwamba alipaswa kulipima kwa matendo yake, si kwa maneno yake, na kwamba alikuwa mdogo mno kujua namna ya kulipenda. Huyo ni mtu aliyeelewa akiwa amechelewa. Sasa kitabu kinachosimulia jambo hilo kitamfungiaje mlango msomaji aliyechelewa? Mpwa wangu alizipita kurasa hizo haraka, akakimbilia kwa mbweha. Mimi nilikaa nazo jioni mbili.

Gharama ipo, nami sitaificha. Mwishoni nyoka anamuuma mwana wa mfalme, naye anaanguka taratibu mchangani. Kwa mpwa wangu amerudi nyumbani, basi. Mimi niliona mtoto aliyekufa, na sikuweza kuona vinginevyo, ingawa nilirudia mara tatu.

Kisha likaja la kondoo tena. Rubani alimchorea kifunga mdomo, akasahau kamba ya ngozi ya kukifungia, na miaka sita baadaye bado anajiuliza kama kondoo amelila ua. Nilimuuliza mpwa wangu anaonaje.

"Hajalila, Mjomba. Usiku analifunika na kioo."

Alijibu bila kuinua macho. Mimi nilichunga kondoo Bahi miaka saba, na sikuwahi kumwona hata mmoja akikipita kitu kibichi wakati wa kiangazi.