Lami ya uwanja wa ndege Dodoma hufa kiangazi

Wagogo husimulia kwamba jina Dodoma limetokana na idodomya, yaani pamezama, kwa sababu tembo alinasa kwenye tope kando ya kijito. Kwa mtu wa lami, hiyo ni ripoti ya kwanza ya udongo, tena ya bure. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi hadi unaweza kupenyeza mkono, kisha mvua ikija huvimba na kuteleza kama sabuni. Ukiukuta chini ya njia ya kurukia ndege, unauchimba na kuutupa, unaweka changarawe nzuri na kushindilia tabaka kwa tabaka huku boza la maji likipita. Hapo hakuna njia ya mkato.

Lakini maongezi ya viwanja vya ndege hapa kwetu huishia kwenye urefu wa njia. Urefu una sababu yake, sikatai. Uwanja wa mjini uko mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kanuni ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, huongeza asilimia 7 ya urefu kwa kila mita 300 za mwinuko, kisha asilimia 1 kwa kila nyuzijoto inayozidi joto sanifu la mwinuko huo, ambalo kwa Dodoma ni kama 8. Njia ya mita 2,000 usawa wa bahari inakuwa kama 2,520 hapa, na mchana wa nyuzijoto 30 inakaribia 3,080. (Ongezeko likivuka asilimia 35 kanuni yenyewe inadai uchambuzi maalumu, kwa hiyo chukua hesabu hii kama makadirio.) Mita 3,600 za Msalato, uwanja mpya wa Dodoma, si za kujionyesha.

Ninachobishia ni pale pesa na macho vinapokomea hapo. Njia ndefu isiyomwaga maji ni hatari kuliko fupi inayomwaga. Kanuni ya zamani ya marubani inasema tairi lenye upepo wa psi 200 (kipimo cha shinikizo) huanza kuelea juu ya maji kwenye noti kama 127, yaani kilomita 235 kwa saa, na jeti nyingi za abiria hugusa lami zikiwa karibu na mwendo huo. Maji yakizidi milimita 3, taarifa ya hali ya njia hushuka kutoka alama 5 hadi 2. Milimita 3 tu! Ndiyo maana rula ya mita 3 ikilazwa juu ya lami mpya haitakiwi kuacha uwazi unaozidi milimita hizo hizo.

Sasa tazama ukingo. Njia yenye upana wa mita 45 na mteremko wa asilimia 1.5 kutoka katikati hushuka sentimita 34 tu hadi pembeni. Upepo wa Dodoma kuanzia Juni huleta vumbi, nyasi zinalikamata, na mwaka hadi mwaka bega la nyasi, yaani ukanda wa kando ya lami, linapanda. Likishapita usawa wa lami umejijengea bwawa jembamba urefu wa uwanja mzima, na hakuna anayeliona kwa sababu ni kiangazi na pamekauka. Dawa yake ni greda: kwangua bega libaki chini ya lami kwa sentimita 3 hadi 4, kisha lipe mteremko kuelekea mtaroni. Ukishusha zaidi ya hapo, ndege itakayotoka nje ya njia itakuta ngazi.

Lami yenyewe huanza kufa miezi hiyo hiyo isiyo na mvua, Mei hadi Novemba. Jua huila: inageuka kijivu, inakakamaa, na usiku wa baridi wa Julai unaivuta hadi inakatika. Hukatika kwanza kwenye maungio, pale mkanda mmoja wa lami ulipokutana na mwingine, kwa kuwa ukingo ulishapoa rola ilipofika na ushindiliaji wake ukawa hafifu. Kokoto nazo huanza kung'oka moja moja. Kwenye barabara ya Singida kokoto iliyong'oka hupasua kioo; kwenye uwanja huingia kwenye injini. Kipande cha chuma cha sentimita 43 kilichoachwa kwenye njia na ndege nyingine kilitosha kuanzisha ajali ya Concorde, Paris, Julai 25, 2000, iliyoua watu 113.

Desemba mvua inaingia kwenye nyufa hizo. Gurudumu linakandamiza, maji yanaruka juu yakiwa yamebeba unga wa tabaka la chini. Doa la kahawia pembeni ya ufa baada ya mvua maana yake chini tayari kuna uwazi, na kuziba juu hakusaidii tena.

Kuziba kwa wakati ni kazi ndogo. Ufa wa milimita 3 hadi 20 unakatwa kwa mashine uwe mfereji wenye kuta wima, unapulizwa kwa hewa ya moto hadi ukauke kabisa, kisha unajazwa bitumini iliyochanganywa na polima, iliyochemshwa kwa joto ambalo mtengenezaji ameandika kwenye mfuko. Isizidi hapo, ikiungua inakuwa ngumu kama biskuti. Iachwe chini ya uso wa lami milimita chache, la sivyo tairi itaing'oa. Wengi hukosea kwenye kukausha: bitumini iliyomwagwa juu ya vumbi au unyevu hubanduka kama ukoko wa wali. Kiraka nacho kikatwe mraba, kiingie kwenye lami nzima sentimita kadhaa, kuta zipakwe bitumini. Lami baridi ya kumwaga kwa koleo na kupiga kwa kiatu itapeperushwa na injini ya ndege ya kwanza.

Kazi hii yote inataka ukavu, na ukavu tunao miezi saba. Tatizo ni kalenda ya fedha. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1. Kibali, zabuni na mkataba vikila miezi minne, mkandarasi anafika uwanjani Novemba na mawingu yako juu yake. Matengenezo ya nyufa, mabega na mitaro hayahitaji zabuni mpya kila mwaka. Uwekwe mkataba mmoja wa miaka mitatu wenye bei kwa kila mita, ukaguzi wa nyufa ufanyike Mei mvua zikiisha, na oda itoke wiki ya kwanza ya Julai, greda lianze na mabega kabla pepo hazijaleta vumbi jingine.